Kumngojea Yaya Kando ya Reli

Alasiri ile kwenye kibaraza changu cha kushonea tulikuwa watu watano. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani, mguu kwenye pedali. Mbele yangu, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mama jirani ambaye alikuja tangu asubuhi kungojea sare za wajukuu zake. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa ametoka darasani na bado ameshika daftari. Dada yangu anayenifuata kwa kuzaliwa alisimama mlangoni, viatu vyake vyeupe vimegeuka vyekundu kwa vumbi la Agosti. Nyuma yake alisimama dereva wa taksi, mtu wa Kivu ya Kaskazini, ambaye sikumpenda. Nawataja wote mapema kwa sababu wawili kati yao waliona nilichokuwa nakificha, na mpaka leo hawajakisema.

Sisi tulizaliwa watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, huyu anayenifuata saba, wa mwisho miwili, bado anavaa nepi nilizozikata katika mashuka ya mama. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Alipokufa tulipewa muda wa kutoka, tukatoka, tukaja mtaa wa Kamalondo kupanga chumba. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, nikaenda kukaa chini ya fundi mmoja mzee aliyenifundisha kukata kola. Sikulia kwa ajili ya shule, ila siku moja tu, nilipowaona wenzangu wa darasa wakipita barabarani na mashati niliyoyatia vifungo mimi.

Shangazi yetu alikuwa akiishi Ubelgiji. Alikuja kwa matanga ya baba, na siku ya mwisho akatupanga watatu ukutani.

"Naweza kubeba moja," akasema. "Moja tu, batoto yangu, musinichukie."

Mimi nilikuwa mkubwa mno na wa mwisho alikuwa mdogo mno, kwa hiyo akamchukua wa katikati.

Hapa lazima nieleze habari ya pemba. Pemba ni ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa madonge, ambao wanawake wajawazito huutafuna. Lakini kwa watu wa kwetu, kaskazini ya Katanga, una kazi nyingine. Mama alikuwa na donge lake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila mmoja wetu alipotaka kusafiri, hata kama ni kwenda Kipushi hapo karibu kwa mafungo ya katekisimu, mama alilowanisha kidole gumba, akakisugua kwenye donge, akatuchora mstari kwenye paji la uso na mwingine kwenye kila mkono. Alikuwa Mkatoliki wa kila misa, na rozari ilikaa mfuko uleule aliotilia kopo. Sharti lilikuwa moja. "Kama uko na neno juu ya muntu, litoe kwanza," alisema. "Ukilificha, hapana baraka pale. Unamupaka udongo tu." Na kweli, nakumbuka siku aliyoniambia, kabla ya kunipaka, kwamba bado ana hasira nami kwa sababu ya sahani niliyoivunja mwezi uliopita. Alisema, tukacheka, akanipaka.

Alipokufa, kopo likaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye yaya. Hivyo ndivyo tunavyomwita mkubwa wa tumbo moja kwetu, awe wa kiume kama mimi au wa kike. Asubuhi ile ya safari ya Ubelgiji nilimsimamisha mdogo wangu uani, kanzu yake mpya bado inanuka duka. Nikamwambia neno lililokuwa moyoni.

"Naona wivu kwamba unaenda weye."

Akanitazama. "Basi kuya," akasema, yaani njoo, kana kwamba ni jambo la kupanda kitandani akanisogezea nafasi.

Nikampaka. Kwa miaka kumi na tisa niliamini mstari ule ndio uliomlinda kule kwenye baridi.

Mwaka huu aliandika kwamba anakuja kwa siku tisa. Sasa ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi katika maabara. Nilijiandaa kama mtu anayepokea askofu. Niliwaomba wateja wa sare wanivumilie, nikajikatia shati jipya, na jioni nikitembea kutoka kazini nilipanga kichwani masharti ya kumfundisha, maana mji huu una namna yake na mgeni anajulikana kutoka mbali. Beba begi mbele, si mgongoni. Salimia kwanza, uliza baadaye. Usisimame katikati ya njia panda ukitazama juu, kwa sababu anayetazama juu amepotea na kila mtu anaona. Usipige picha ya mtu mwenye sare, wala daraja, wala reli. Ukipotea, usimuulize mwanamume aliyesimama bila kazi. Mwendee mama anayekaanga mikate, kwa sababu yeye hawezi kuacha mafuta yake motoni akukimbize. Mtu akikuambia umfuate mahali ambapo watu hawaoni, usiende. Na wakikuzunguka, sema tu: namungojea yaya yangu, anakuja. Wahuni wakisikia kuna mkubwa njiani, wengi huondoka.

Niliyapenda masharti yangu. Yalitokana na miaka mingi ya kutembea kwa miguu.

Siku ya kumpokea, mimi na mdogo wetu wa mwisho tulisimama kwenye kizuizi cha uwanja wa ndege pamoja na watu wengine. Alitoka akiwa mrefu kuliko picha zake. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, na nilipoinua kichwa niliona valizi yake ya nguo tayari iko mkononi mwa mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi. Ndiye huyo dereva. Masista wenye nyumba ya wageni, ambako dada yangu alikuwa amepanga chumba, ndio waliomtuma. Yeye alijua wageni hutokea mlango gani, akamngojea palepale, wakati sisi tulikuwa tunatazama mlango mwingine.

"Hautalala nyumbani?" nilimuuliza.

"Yaya, kwa masista kuko mulinzi na maji ya bomba. Sikutaka kuwasumbua."

Alikuwa na orodha kwenye simu, kwa Kifaransa, ya namna ya kuishi salama katika miji mikubwa ya Afrika. Alinisomea njiani. Usivae mkufu. Usipande taksi ya kuchangia na watu usiowajua. Beba nakala ya pasipoti, ya asili iache chumbani. Nilisikiliza nikiwa nimebanwa kiti cha nyuma na valizi, nikawa nafikiri: mji aliozaliwa anausoma kwenye simu. Alipomaliza nikamtajia yangu, moja moja, naye akayarudia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dereva alikuwa na masharti yake, na yalikuwa mazuri. Kabla ya safari alimwambia sista mlangoni wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Alifunga milango yote kabla ya kuwasha gari. Popote alipoegesha, aligeuza pua ya gari kuelekea njia ya kutokea. Siku ya pili, nikiwa nao, kijana mmoja alikimbia kando yetu akionyesha gurudumu, akipiga kelele kwamba limeisha upepo. Mimi nilishafungua mdomo kumwambia asimame. Dereva aliendelea polepole mpaka kwenye kituo cha mafuta chenye watu wengi, ndipo akashuka kutazama. Gurudumu lilikuwa zima.

"Njo mutego yao, dada," yaani ndio mtego wao, akamwambia dada yangu, si mimi. "Ukisimama, moja anakuonyesha gurudumu, mwenzake anafungua mulango ya upande ile."

"Yaya, ulilijua hili?" dada yangu akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. Sikulijua. Mimi sina gari.

Tangu siku ile sikupanda tena. Nilisema nina kazi, na kweli ilikuwepo, shule zilikuwa karibu kufunguliwa na meza yangu ilikuwa imejaa vitambaa vya bluu na vyeupe. Wao watatu walizunguka mji. Jioni mdogo wetu wa mwisho alirudi na kunisimulia huku nikishona. Walikwenda ziwa la Kipopo wakala samaki. Walikwenda bustani ya wanyama, sokwe akamrushia dereva ganda la ndizi. Waliuona ule mlima mweusi wa taka za shaba kutoka upande ambao sikuwahi kuuona, mimi niliyeutazama kila asubuhi ya maisha yangu.

"Yaya, weye ulishafika Kipopo?"

"Nilipitaka pale."

"Lini?"

"Zamani. Shika huu mkasi."

Sijawahi kufika Kipopo. Ninazijua barabara nne: ya kwenda kazini, ya sokoni, ya kanisani, na ya makaburini. Yule mgeni aliuona mji wangu zaidi kwa siku nne kuliko mimi kwa miaka thelathini na mitano, na aliyemwonyesha ni mtu aliyekuja huku juzi kutoka Kivu. Nilikuwa nikikanyaga pedali na kuona wivu pande zote. Nilimwonea wivu dada kwa safari zake, na dereva kwa kuaminiwa. Hata huyu wa mwisho, ambaye nilimlea kwa uji wa mkono wangu, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyorudi amechangamka. Tena nilisikia, siku ya tatu, walipopita kunisalimu, dada yangu akimwambia yule mtu: "Yaya, tunaweza kupita njia ya kanisa?" Hapa mjini ni heshima ya kawaida kumwita mwanamume aliyekuzidi hivyo. Najua. Lakini sindano ilinichoma kidole.

Siku ya tano dada alikuja peke yake kibarazani, akaketi juu ya mzigo wa vitambaa.

"Yaya, kesho dereva anaenda Kipushi na bageni bengine. Unaweza kunipeleka mahali?"

"Wapi?"

"Kwa nyumba yetu. Ile ya reli. Nataka nione kama mulango uko bado."

Nilikuwa nimelingojea ombi hilo tangu uwanja wa ndege. Hapo ndipo mahali pekee katika mji huu ambapo dereva hakuwa na la kusema. Mimi ndiye nilijua ni mlango gani, ni dirisha gani mama alianikia mboga, na ni wapi baba aliegemeza baiskeli. Lakini alianza na maneno "kesho dereva anaenda Kipushi", na mimi niliyasikia hayo tu.

"Niko na sare," nikasema.

"Saa moja tu, yaya."

"Ungojee dereva yako arudi."

Aliokota vipande vya uzi sakafuni kimoja kimoja, akaviweka juu ya meza. Kisha akaenda.

Siku ya sita, saa tano hivi za asubuhi, simu yangu ililia. Ilikuwa juu ya meza kando ya chaki. Niliona sura yake kwenye kioo. Yule mama jirani alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Baba, simu yako."

"Naisikia, mama."

Nikawaza: dereva hayupo, sasa ananikumbuka. Niliiacha mpaka ikanyamaza. Baada ya muda ikalia tena. Nikageuza shati, nikashona pindo upande wa pili. Ikalia mara ya tatu, ndefu, na meza ikawa inatetemeka na pini ndani ya kisahani zinacheza.

"Muntu anayepiga mara tatu iko na shida," mama akasema.

"Huyu iko na likizo, mama. Hana shida."

Nikabonyeza kitufe cha pembeni, mlio ukakatika. Mama akakunja mikono, akatazama barabara.

Yaliyotokea kule kwenye nyumba ya reli niliyapata baadaye, mengine kutoka kwa dada yangu mwenyewe, mengine kutoka kwa mama muuza mikate wa pale, ambaye nilikwenda kumtafuta baada ya wiki mbili. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye cherehani yangu, kwa miguu.

Alikwenda peke yake, begi mbele, akisalimu watu. Aliiona nyumba. Namba ilikuwa bado ukutani, mlango umepakwa rangi nyingine. Akapiga picha ya mlango. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa ili nyumba yote iingie, na katika picha hiyo ikaingia reli, likaingia geti, akaingia mwanamume mwenye koti la kazi lililochakaa lisilo na beji yoyote. Wakaja watatu, yeye na wenzake wawili.

"Foto ya nini? Nani alikupatia ruhusa? Kuya ku biro."

"Biro iko wapi?" dada yangu akauliza. Biro kwetu ni ofisi.

"Kule nyuma ya mabehewa."

Akakumbuka. Mahali ambapo watu hawaoni, usiende. Akatembea, bila kukimbia, mpaka kwa mama aliyekuwa akikaanga mikate kando ya njia, akasimama karibu na karai la mafuta, akasema kama nilivyomfundisha:

"Namungojea yaya yangu. Anakuja."

Sharti langu lilikuwa zuri kwa wahuni wa barabarani. Sikuwahi kufikiria watu wa aina hii. Kwetu, mtu akishasema mkubwa wake yuko njiani, huwezi tena kumburuta. Ni aibu, maneno yanapaswa kusemwa mbele ya huyo mkubwa. Lakini vilevile huwezi kuondoka, maana sasa kuna mtu wa kuzungumza naye. Yule wa koti akasema, "Muzuri. Tutamungojea pamoja." Wakaketi juu ya mataruma ya reli ya zamani. Mmoja akamletea dada yangu kigoda, kwa adabu kabisa.

Akanipigia mara ya kwanza.

Muda ukapita. Jua likapanda. Wakaanza kumtania.

"Yaya yako anatokea wapi?"

"Kamalondo."

"Kamalondo ni hapa! Iko nakuja kwa magoti?"

"Muache, iko nafunga kravati ku shingo."

"Hapana, anatokea Sakania, kule ku mupaka. Iko nahesabu mataruma, moja moja."

Mama wa mikate akawakemea kwa uma wake wa kugeuzia. "Nyiye! Mumuache mutoto ya bantu. Kama anasema yaya yake iko nakuja, iko nakuja."

Akanipigia mara ya pili, na ya tatu. Saa nzima ikaisha. Wale watu walianza kuchoka nao, wakawa wananunua mikate na kula. Mwishowe hata mama wa mikate akamwinamia na kumuuliza kwa sauti ya chini, si kwa kejeli: "Mutoto yangu, huyu yaya yako, ni wa tumbo moja?"

"Ndiyo, mama. Tumbo moja."

"Ah," mama akasema, akarudi kwenye karai lake.

Hapo ndipo alipompigia dereva. Yeye alikuwa ameshaanza kurudi kutoka Kipushi na wageni wake. Alifika nao ndani ya gari, akageuza pua kuelekea njia ya kutokea, akashuka, akawapa mkono watu wote watatu, mmoja mmoja, na mama wa mikate pia.

"Miye njo yaya yake," akasema.

"Weye? Unasemaka sawa muntu ya Kivu."

"Iko hivyo. Pardon kwa kukawia, njia ilikuwa mubaya. Shida ni nini?"

Wakamweleza. Akamwomba dada yangu aonyeshe picha. Akafuta mbele ya macho yao zile zenye reli na geti, akawaonyesha ile ya mlango mtupu, akawauliza kama kuna ubaya wowote katika mlango. Hawakuona ubaya. Akawanunulia soda. Yule wa koti, wakati wa kuagana, akamwambia dada yangu: "Maman, mwambie huyu yaya yako anunue saa."

Hivyo ndivyo walivyokuja wakasimama kibarazani kwangu, pamoja na mdogo wetu wa mwisho waliyemkuta njiani akitoka darasani. Dada yangu alisimulia kwa kicheko, akiwaigiza wale watu, kravati na magoti na Sakania. Mdogo wetu alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi nilionyesha meno. Kisha dada akanigeukia, bado anatabasamu.

"Sharti yako ilifanya kazi, yaya. Yote ilifanya kazi. Ni weye tu ulikosa. Nilikupigia."

"Simu ilizimika," nikasema. "Umeme haupo tangu asubuhi."

Hatua chache kutoka hapo, kinu cha mahindi cha jirani kilikuwa kinanguruma. Kinu hicho ni cha umeme. Kila mtu wa Kamalondo anajua sauti yake, na akina mama walikuwa wamepanga foleni nje na ndoo zao. Mama jirani aliinua macho akatazama bati. Na wakati huohuo, kana kwamba imetumwa, simu yangu ikawaka yenyewe juu ya meza kwa ujumbe wa matangazo, na chini ya ujumbe huo ikajionyesha sura ya dada yangu na idadi ya simu zisizojibiwa: tatu.

Dereva ndiye aliyekuwa karibu na meza. Aliiona. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha kitambaa cha bluu, akajifuta jasho shingoni bila haraka, kisha akakiweka kitambaa juu ya simu yangu kama mtu anayekirudisha mahali pake.

"Joto," akasema.

Ningependa kusema kwamba nilishukuru. Nilimchukia zaidi. Alikuwa ameninyang'anya jina langu kule relini, na sasa alikuwa ananisitiri nyumbani kwangu.

"Basi ni umeme," dada yangu akasema. Alikuwa ameacha kutabasamu. Sijui kama alikisikia kile kinu. Aliondoka hapa akiwa na miaka saba, labda mngurumo ule kwake ni kelele za mji tu.

Walipoondoka, nilimaliza kutia vifungo. Mama jirani alizikunja sare zake, akazitia ndani ya kikapu, akafika mlangoni, akarudi.

"Mutoto yangu," akasema, "ile simu utaijibu siku gani?"

Siku ya tisa ilikuja. Dada alileta valizi yake uani kwetu kwanza, kwa sababu alitaka kuagana nyumbani. Dereva alibaki nje ya geti, amezima gari, akatazama magurudumu yake, yote manne, polepole, ili asitutazame sisi. Mdogo wetu wa mwisho alitangulia kupeleka begi dogo. Tukabaki wawili.

Dada yangu alisimama mbele yangu, akarudisha nywele zake nyuma kwa kiganja, akafumba macho.

"Yaya," akasema, "ile kintu nyeupe."

Hakuwa amesahau. Nami nilikuwa tayari nimelitoa kopo, lilikuwa dirishani. Nililifungua. Nililowanisha kidole gumba, nikakibonyeza juu ya donge, nikasikia ubaridi wake. Paji lake la uso lilikuwa mbele yangu, limekunjamana kidogo kama la mama. Kilichobaki kilikuwa kutoa neno. Nilikuwa nalo lote: nilikuona kwenye simu, nikaacha ilie. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliweza kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba naona wivu, na akanijibu njoo. Sasa nilikuwa mtu mzima, nimelea, nimesomesha, sijawahi kuacha nyumba bila unga, na sikuweza. Nilisikia dereva akigonga gurudumu kwa ncha ya kiatu.

Nilijua pia kwamba naweza kumpaka tu, bila neno. Asingejua. Lakini huo ungekuwa udongo tu, na sikutaka asafiri na udongo usoni akidhani ni baraka.

"Imekauka mno," nikasema. "Haishiki."

Akafumbua macho. Akatazama kidole changu, ambacho kilikuwa cheupe.

"Haizuru, yaya. Siku ingine."

Alinikumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu. Nikabeba valizi mpaka garini, mimi mwenyewe, safari hii sikumpa mtu nafasi. Dereva alifunga buti, akaja kunipa mkono, na wakati mikono yetu bado imeshikana akasema chinichini:

"Sikusema kintu, yaya."

Na yeye aliniita hivyo.

Alifika salama. Kila Jumapili baada ya misa anapiga, nami naipokea kabla haijalia mara ya pili, mpaka mdogo wetu ananicheka kwamba nimelala nayo mkononi. Tunaongea habari za mvua, za mtihani wa huyu wa mwisho, za baridi ya kule. Ile picha ya mlango ameichapa, ameibandika jikoni kwake. Mara mbili nimeanza kusema, "Unakumbuka siku ile ya relini," na mara mbili amecheka na kusema, "Kravati!", nikacheka naye, ikapita.

Dereva hupita Kamalondo na kupiga honi. Viti vya gari lake vilikuwa vimepasuka, nikamshonea vitambaa vipya bila yeye kuomba. Alivipenda. Lakini si yeye ninayedaiwa naye zaidi, na vitambaa si malipo.

Kopo liko kwenye rafu, kati ya chaki na pini. Jana nililifungua kutafuta kifungo kilichoanguka, nikaona juu ya donge alama ya kidole changu cha siku ile, imekauka pale ilipobonyezwa. Nikafunika. Jumapili ni keshokutwa.